Setilaiti Huona Majani, Magunia Huhesabiwa na Nani?

Aprili 2016 Rais Peter Mutharika wa Malawi alitangaza hali ya maafa nchi nzima. El Niño, ambayo Afrika Mashariki huijua kwa mafuriko, kule kusini mwa bara huja na ukame, na msimu ule ilikuwa imekausha mahindi yakiwa bado shambani. Watu milioni 6.5 walikadiriwa kuhitaji chakula cha msaada. Hata hivyo, Malawi haikuwa imekaa bure. Ilikuwa imekata bima ya ukame kwa African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika, na kulipa ada ya karibu dola milioni 5. Bima ya aina hii haitumi mkaguzi shambani. Programu ya kompyuta hupokea takwimu za mvua kutoka setilaiti, hukokotoa mazao yamekosa maji kwa kiasi gani, kisha hutaja idadi ya watu walioathirika. Ilipomaliza hesabu zake ilitaja watu takriban 21,000. Fidia ikawa sifuri.

Serikali ilikataa matokeo hayo, na ufuatiliaji uliofanywa baadaye ukafichua kosa lilipojificha. Lilikuwa kwenye mbegu. Programu ilidhani kwamba wakulima wa Malawi hupanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikwishahamia mbegu za muda mfupi zinazokomaa kwa takriban siku 90. Mahindi ya namna hiyo yakikosa maji yanapotoa mbelewele, mvua ikija wiki kadhaa baadaye haiyafufui. Ya muda mrefu huenda yangeambulia chochote. Hesabu zikarudiwa, na Malawi ikalipwa dola milioni 8.1 mwanzoni mwa 2017, njaa ikiwa imekwishauma kwa miezi mingi. Jambo ambalo muuza pembejeo yeyote wa Lilongwe angelieleza bure, akiwa amesimama mlangoni pa duka lake, halikuwamo katika mfumo uliogharimu mamilioni.

Kwa zaidi ya miaka 50 sasa wanasayansi wamekuwa wakijifunza kusoma mashamba kutoka angani, na ujuzi huo umefika mbali. Swali linalobaki, na ambalo huku kwetu ndilo lenye uzito, ni kama jicho hilo linaweza kumwona mkulima wa ekari moja, mwenye mahindi, maharage na mistari miwili ya muhogo katika kipande kimoja. Ushahidi uliokusanywa Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya karibuni unajibu kwamba linaweza, kwa sharti ambalo wauzaji wa teknolojia hulitaja kwa sauti ya chini: lazima awepo mtu ardhini, mwenye kamba na mizani, aliyepima kwanza.

Msingi wa kazi yote ni tabia ya jani. Klorofili hufyonza mwanga mwekundu ili kuujengea mmea chakula. Papo hapo, tishu za ndani za jani hurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi iliyo jirani na mwekundu, ambayo jicho la binadamu haliioni. Jani likidhoofika kwa kiu, ugonjwa au uzee, mwekundu unaorudi angani huongezeka na infraredi hupungua. Ukitoa kiasi cha mwekundu kutoka kiasi cha infraredi, kisha ukagawa jibu kwa jumla ya vyote viwili, utapata namba isiyozidi 1 ambayo wataalamu huiita NDVI. Jangwa hukaribia sifuri. Msitu mnene hupanda juu ya 0.8. Mwaka 1979 Compton Tucker wa NASA alichapisha utafiti ulioonesha jinsi michanganyiko ya rangi hizo mbili inavyofuatana na wingi wa majani mabichi, na hesabu hiyo nyepesi, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza, ndiyo iliyobeba nusu ya taaluma hii hadi leo.

Chanzo chake hakikuwa huruma kwa wenye njaa. Mwaka 1972, mwaka ambao Marekani ilirusha Landsat ya kwanza, Muungano wa Kisovieti ulinunua kimyakimya mamilioni ya tani za nafaka ya Marekani kwa bei nafuu, kabla wauzaji hawajang'amua kuwa mavuno ya Wasovieti yameharibika. Bei za nafaka duniani zikapaa, na Washington ikaona aibu. Kati ya 1974 na 1977 ikaendesha mradi mkubwa wa kukadiria ngano ya dunia kwa picha za angani, na makadirio ya mwaka wa mwisho kuhusu ngano ya Kisovieti yakapishana kidogo sana na takwimu rasmi zilizotoka baadaye, za takriban tani milioni 92. Sayansi hii, kwa hiyo, ilizaliwa ikitazama nyika zisizo na mwisho zilizopandwa zao moja na mashirika ya serikali. Kivuli cha kuzaliwa huko hakijaitoka.

Njaa iliingia baadaye. Maafa ya Ethiopia ya 1984 na 1985 yaliwafanya Wamarekani waanzishe mfumo wa tahadhari ya njaa unaojulikana leo kama FEWS NET, na NDVI ikawa miongoni mwa vipimo vyake vya kwanza. Kwa kazi ile, ya kuonesha kwamba mkoa mzima umekosa majani, picha zenye ukungu zilitosha.

Hazikutosha kuliona shamba, na sababu yake inahesabika kwa kalamu. Kihisi cha MODIS, kilichorushwa kikiwa kwenye setilaiti ya Terra mwaka 1999, hupiga picha dunia nzima karibu kila siku, lakini nukta moja ya picha zake za mazao ina upana wa mita 250. Nukta hiyo hufunika zaidi ya ekari 15. Kijijini Kakamega, ndani ya ekari 15 mna familia kadhaa, miwa, migomba, boma la ng'ombe, kaburi la babu na barabara. Vyote hivyo huchanganywa na kutoa namba moja. Landsat ina nukta ya mita 30, kwa hiyo ekari moja hupata nukta nne na kitu, zilizo nyingi zikiwa zimegawana mpaka na jirani. Tena kila setilaiti yake hupita juu ya mahali palepale mara moja kila siku 16, na ikikuta wingu, basi, hadi safari ijayo. Picha zake ziliuzwa pia, kwa mamia ya dola kwa picha moja, hadi 2008 Marekani ilipoamua kuzitoa bure. Idadi ya picha zinazopakuliwa ikaruka kutoka makumi kwa siku hadi maelfu.

Mabadiliko makubwa kwa mkulima mdogo yalikuja mwaka 2015, Ulaya iliporusha Sentinel-2 ya kwanza, ikafuatiwa na pacha wake 2017. Nukta ni mita 10, setilaiti mbili za aina hiyo kwa pamoja hurudi kila baada ya siku tano, na gharama kwa mtumiaji ni sifuri. Ekari moja sasa ina nukta 40. Nusu ekari ina 20, ingawa karibu nusu ya hizo ziko mpakani na hubeba rangi ya shamba la pili. Zikaja pia kampuni za binafsi zenye picha za mita moja hadi tano. Kwa mara ya kwanza, shamba la mwanakijiji likawa na umbo angani.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya David Lobell wa Chuo Kikuu cha Stanford, mtafiti ambaye ameishi katikati ya ikolojia, sayansi ya mazao na picha za setilaiti kwa zaidi ya miaka 20. Alianzia katika ngano ya bonde la Yaqui, Meksiko, bonde lilelile ambalo Norman Borlaug alilitumia kuzalisha mbegu za Mapinduzi ya Kijani. Yaqui ni mahali pepesi kwa setilaiti: jua kali, mashamba mapana, umwagiliaji, zao moja. Lobell alijijengea jina huko, kisha akaligeukia joto.

Utafiti wake wa mwaka 2011 kuhusu mahindi ya Afrika unastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu haukutumia picha hata moja ya shamba. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, kilikuwa na rekodi za majaribio ya mbegu zaidi ya 20,000 yaliyofanywa katika nchi za Afrika kati ya 1999 na 2007. Majaribio yale yalikusudiwa kuchagua mbegu bora. Hakuna aliyeyapanga ili kupima joto. Lobell na wenzake wa CIMMYT waliziweka rekodi hizo ubavuni mwa takwimu za hali ya hewa za kila siku. Wakaona kwamba kila nyuzijoto ya siku moja inayozidi 30 hupunguza mavuno ya mwisho kwa asilimia 1 pale ambapo mvua inatosha, na kwa asilimia 1.7 penye ukame. Joto likiongezeka kwa nyuzi 1 tu, takriban asilimia 65 ya maeneo yanayolima mahindi Afrika yangepoteza mavuno hata kukiwa na mvua nzuri na mbolea. Penye ukame, maeneo yote yangepoteza.

Matokeo hayo yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliopima mahindi kwa mizani kwa miaka tisa, wakaandika na kutunza madaftari. Bila madaftari hayo, takwimu za hali ya hewa zingebaki namba za joto zisizohusiana na chakula cha mtu.

Mwaka 2017 Lobell na mchumi Marshall Burke walileta ushahidi uliosubiriwa. Walikwenda magharibi mwa Kenya, katika mashamba madogo ya mahindi, misimu ya 2014 na 2015, wakiwa na picha za mita moja. Walilinganisha makadirio ya setilaiti na majibu ya wakulima walioulizwa wamevuna kiasi gani. Makadirio ya angani yalikuwa na uaminifu unaokaribiana na wa majibu hayo, na yaliweza hata kuonesha tofauti kati ya mashamba yaliyotiwa mbolea na yasiyotiwa. Jambo lililowashangaza wengi ni hili: njia moja waliyotumia haikuhitaji takwimu za shambani kabisa, kwani kompyuta ilifundishwa kwa mahindi ya kubuniwa, yaliyooteshwa ndani ya programu ya ukuaji wa mazao. Nayo haikuachwa mbali na njia iliyofundishwa kwa mavuno halisi.

Wanaoamini kwamba siku za kamba na mizani zimekwisha huegemea hapo, na hoja yao ina nguvu. Lakini angalia ilivyothibitishwa. Ili kujua kwamba njia isiyotumia takwimu za shambani inafanya kazi, ilibidi watafiti wawe na takwimu za shambani. Tena mahindi ni zao linalofahamika kuliko mengine yote barani; programu za ukuaji wake zimenolewa kwa miongo kadhaa. Ni vigumu kupata programu iliyonolewa kiasi hicho kwa shamba la mbaazi zilizopandwa katikati ya mtama.

Utafiti uliofuata, uliofanywa mashariki mwa Uganda katika wilaya kama Iganga, Mayuge, Serere na Sironko, ulichimba zaidi. Benki ya Dunia na idara ya takwimu ya Uganda walipanga jaribio ambalo halikumwonea mtu haya. Mkulima aliulizwa amevuna kiasi gani. Wapimaji wakakata kipande cha mraba ndani ya shamba lake na kukipima. Katika baadhi ya mashamba, wakavuna shamba zima na kulipima lote. Setilaiti nayo ikatoa jibu lake. Kwenye mashamba yaliyopandwa mahindi peke yake, jibu la setilaiti halikuwa nyuma ya kipimo cha kile kipande cha mraba. Aliyebaki nyuma kabisa alikuwa mkulima mwenyewe, ambaye alitaja mavuno makubwa kuliko ya kweli, hasa penye shamba dogo.

Msomaji asikimbilie kumwita mwongo. Mahindi mabichi huchumwa mawili matatu kila jioni, debe moja hupelekwa kwa mama mkwe, lingine huuzwa likiwa halijakauka. Miezi mitatu baadaye anakuja kijana na tableti anauliza kilo. Nani angejibu sawasawa?

Ila kosa hilo lilikuwa na matokeo makubwa kuliko lilivyoonekana. Tangu Amartya Sen alipoandika kuhusu kilimo cha India mwaka 1962, wachumi wamebishana juu ya dai kwamba shamba dogo huzaa zaidi kwa ekari kuliko kubwa. Sera za ardhi zimejengwa juu ya dai hilo. Sydney Gourlay, Talip Kilic na Lobell walipochambua takwimu za Uganda, uhusiano huo ulionekana wazi katika majibu ya wakulima, na ukatoweka walipotumia mavuno yaliyopimwa kwa mizani. Jaribio hilo halikuumaliza ubishi wa miaka 60 peke yake, na mahali pengine bado unaendelea. Ila limeonesha kuwa sehemu ya kile kilichoitwa siri ya mkulima mdogo ilikuwa makosa ya kukumbuka.

Mwaka 2019 kundi hilohilo lilitoa ramani za mahindi za Kenya na Tanzania nzima kwa msimu wa 2017, kwa nukta za mita 10. Ni kazi ya kupendeza, na ni vigumu kuiona bila kujiuliza kwa nini ramani ya mahindi ya Mbozi na Trans Nzoia ilitengenezwa California.

Jibu mojawapo limetoka kwa Catherine Nakalembe. Ni Mganda, alisoma Makerere, kisha Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha Maryland, na amekuwa kiongozi wa upande wa Afrika katika mpango wa NASA Harvest. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mpakani na Turkana. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Ukiharibika, hakuna wa pili wa kufidia. Serikali ilikuwa ikiwahimiza wafugaji wa huko walime, na picha zilionesha kwamba mashamba yalikuwa yameongezeka sana kati ya 2000 na 2011. Uchambuzi wake uliuliza swali ambalo takwimu za ukubwa wa mashamba huliruka: mtama huo uliopandwa kwenye ardhi mpya hukomaa kweli, au hukauka mwaka mmoja kati ya michache?

Kazi hiyo ilisaidia kujenga mpango wa Uganda wa kugharimia maafa kabla hayajakomaa. Kila mwezi hali ya mimea Karamoja ilipimwa kwa setilaiti. Iliposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa mapema, fedha zilifunguliwa na ajira za muda katika kazi za umma zikaongezwa, ili watu wapate ujira wakati bado wana mbuzi wa kuuza kwa bei nzuri. Makumi ya maelfu ya watu walifikiwa namna hiyo. Tofauti yake na utaratibu wa zamani ilikuwa ya tarehe tu, lakini katika njaa tarehe ndiyo kila kitu: lori la mahindi linalofika Moroto mwezi Agosti na lile linalofika Desemba hayana thamani moja hata yakibeba mzigo uleule. Mwaka 2020 Nakalembe alipewa Tuzo ya Chakula ya Afrika, pamoja na mtaalamu wa udongo wa Burkina Faso, André Bationo.

Tuzo si jambo la kusisimua zaidi katika kazi yake. La kusisimua ni helmeti. Kompyuta inayotambua mahindi kwenye picha ya setilaiti hufundishwa kwa mifano: hapa ni mahindi, hapa muwa, hapa nyasi. Marekani mifano hiyo hutoka katika rekodi za serikali na kampuni. Kwetu haipatikani kwa urahisi, na kuikusanya kwa kutembea shamba hadi shamba na kifaa cha GPS ni ghali na huchosha. Nakalembe na wenzake wakafunga kamera ndogo kwenye helmeti za waendesha pikipiki na kwenye magari, wakaanzia magharibi mwa Kenya, kisha nchi nyingine. Pikipiki hupita barabara ya kijiji, kamera hupiga picha za mashamba ya pembeni pamoja na majiranukta ya mahali, na programu hutambua zao lililopo. Siku moja ya boda boda hukusanya kile ambacho maofisa wa kutembea kwa miguu wangekikusanya kwa muda mrefu. Udhaifu wake ni dhahiri: barabara hupenda mashamba ya wenye nafasi, na mazao ya korongoni hayapigwi picha. Hata hivyo ni uvumbuzi uliotoka kwa mtu anayejua usafiri wa vijijini ulivyo, na huo ndio ujuzi unaokosekana katika maabara nyingi za mbali.

Upande wa mifugo umekuwa na safari yake, na pengine ndio uliotoa mafunzo magumu zaidi. Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao Nairobi ilianzisha bima ya mifugo Marsabit. Mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga: NDVI ya eneo lake ikishuka chini ya kiwango fulani, fidia hutoka. Malipo ya kwanza yalikuja Oktoba 2011, wakati wa ukame mkali wa Pembe ya Afrika, na mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanza kuwalipia ada wafugaji wa Turkana na Wajir. Mwanzoni bima ilifidia vifo vilivyokadiriwa. Baadaye ilibadilishwa ilipe mapema, malisho yanapoanza kukauka, ili mwenye ng'ombe anunue nyasi na maji badala ya kupokea rambirambi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na ulitokana na kuwasikiliza wafugaji.

Lakini kijani si chakula. Mtu wa Baringo anaweza kulieleza hilo kwa neno moja: mathenge. Mti huo wa miiba kutoka Amerika uliletwa miaka ya 1980 kupambana na jangwa na kutoa kuni, ukatoroka ukaziba malisho na kingo za mito. Mizizi yake huzama chini sana, kwa hiyo hubaki kijani nyasi zote zikiwa zimekufa. Mbuzi hula maganda yake matamu hadi meno yakaharibika. Wakazi wa Ng'ambo, hukohuko Baringo, waliwahi kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kama kielelezo cha kesi dhidi ya serikali. Kwa NDVI, bonde lililojaa mathenge na bonde lililojaa nyasi nzuri vinaweza kupata alama zinazokaribiana. Mfugaji mwenye ng'ombe wanaokufa ataambiwa kwamba eneo lake liko salama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa ndipo ikolojia inapoidai haki yake kwa watu wa picha. Namba inayotokana na rangi mbili haiwezi kutofautisha mmea unaolisha na mmea unaofukuza. Kuna njia za kupunguza tatizo, kama kufuatilia mwendo wa kijani kwa mwaka mzima, kwani mti usiokauka huandika mchoro tofauti na nyasi za msimu, na zinasaidia. Zote huanza na mtu anayezunguka na kuandika wapi pana nini.

Orodha ya yasiyoonekana ni ndefu. Muhogo huweka chakula chake chini ya udongo na majani yake hayasemi mengi kuhusu uzito wa kiazi. Kihamba cha Kilimanjaro au shamba la migomba la Kagera lina ghorofa tatu: mti wa kivuli juu, mgomba katikati, kahawa na maharage chini; setilaiti huona paa tu. Masika, mahindi yanapokua kwa kasi, ndipo mawingu yanapotanda. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu na imesaidia sana, ingawa moja kati ya setilaiti zake mbili iliharibika Desemba 2021 na mbadala wake haukurushwa hadi Desemba 2024. Na jani likishafunga shamba lote, NDVI hugota: shamba la gunia 15 na la gunia 25 huweza kufanana, ndiyo maana Lobell na wenzake walipendelea vipimo vinavyotumia mwanga wa kijani. Viwavijeshi vamizi wanaojificha katika moyo wa mhindi huonekana baada ya kula. Hasara ya ghalani, ambako dumuzi hufanya kazi yake gizani, haionekani kamwe.

Bado, kusema setilaiti haioni vitu hivi si kusema haifai. Tatizo lililo zito kuliko hayo ni la umiliki. Mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, FEWS NET ilizimika. Mfumo uliojengwa kwa miaka 40, ambao wizara na mashirika ya misaada ya eneo zima yalikuwa yakiutegemea, uliondoka mtandaoni mara moja. Ulirejea miezi kadhaa baadaye, lakini somo lilikuwa limekwishatolewa. Setilaiti zenyewe hazikuzimika; picha ziliendelea kushuka kila siku, bure. Kilichozimika ni watu wa kuzisoma na kuzilinganisha na bei za soko na taarifa za vijijini, kwa sababu mishahara yao ilitoka mbali.

Afrika Mashariki haianzi sifuri. Kituo cha kikanda cha ramani na takwimu za ardhi, RCMRD, kipo Kasarani, Nairobi, tangu 1975. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, hutoa taarifa za mazao za kanda. Vijana wanaoijua kazi hii wanatoka Makerere, SUA na JKUAT kila mwaka, na wengi wao huishia kuandikia taarifa miradi ya miaka mitatu.

Kinachokosekana ni kitu kisicho na mvuto kwenye hotuba: vipimo vya shambani, kila msimu, kwa miaka mingi mfululizo. Hivyo navyo vipo kwa sehemu. Bima za mazao zinazolipa kwa wastani wa mavuno ya eneo hulazimika kukata na kupima vipande vya mashamba. Idara za takwimu hufanya hivyo katika baadhi ya tafiti za kilimo. Kampuni zinazokopesha mbegu na mbolea zina mahali na mavuno ya maelfu ya wateja. Sehemu kubwa ya takwimu hizo hulala katika kabati za ofisi au seva za binafsi, hutumika mara moja kwa ripoti moja, kisha husahaulika, huku maabara za nje zikitafuta fedha za kwenda kupima upya mashamba ya jirani.

Bei ya kuzifungua si kubwa. Majina na mipaka kamili ya mashamba yanaweza kufichwa, kwa kuwa mkulima ana haki ya kutoanikwa mavuno yake mbele ya mkopeshaji au mtoza ushuru. Zibaki aina ya zao, mbegu, tarehe ya kupanda, kilo kwa ekari na kata. Wizara za kilimo zinaweza kuweka sharti hilo katika kila mkataba wa utafiti na kila leseni ya bima ya mazao inayotumia picha za angani. Maofisa ugani wapewe mizani na mafuta ya pikipiki kwanza, droni baadaye.

Na mkulima au chama cha ushirika kinachouziwa bima ya setilaiti kisisaini kabla ya kupata majibu ya maswali mawili kwa maandishi: ni mashamba mangapi ya wilaya hii yalipimwa kwa mkono ili kukihakiki kipimo chenu, na kipimo kikisema tumevuna ilhali ghala ni tupu, malalamiko yetu yatasikilizwa na nani, ndani ya siku ngapi?